Somo: Kutuliza Ngozi Iliyoungua na Jua kwa Mshubiri, Chai na Oti

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu swali la ngozi iliyobabuliwa na jua nimelijibu mara nyingi mno, na kila mara ninalijibu kwa mtu ambaye tayari amekwisha kujipaka kitu asichopaswa kujipaka. Kuanzia leo nitawaelekeza wote hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu kile ambacho dawa hizi zinaweza kufanya. Mionzi ya jua iitwayo urujuanimno, hasa ile yenye mawimbi mafupi inayoitwa UVB, huharibu vinasaba vya seli za ngozi muda mrefu kabla hujahisi chochote, kisha mwili hujibu kwa kutoa kemikali kama prostaglandini ambazo hupanua mishipa midogo ya damu, ndipo ngozi inapopata joto, ikavimba na kuuma. Kwa sababu hiyo maumivu hayaji papo hapo: kwa kawaida huanza baada ya muda wa saa 3 hadi 6 na kufikia kilele kati ya saa 12 na 24, hata mtu aliyelala akiwa mzima huamka hawezi kuvumilia shati mgongoni. Hakuna jani linalofuta madhara hayo. Kazi yetu ni kupoza, kurudisha unyevu na kuzuia ngozi isisumbuliwe zaidi, basi.

Hatua ya 1. Ondoka juani mara moja, hata kama bado huoni dalili kubwa.

Hatua ya 2. Oga kwa maji ya baridi ya kawaida, au funika sehemu iliyoungua kwa kitambaa kilicholowa, kwa dakika 10 hadi 15. Barafu isiguse ngozi.

Hatua ya 3. Kausha kwa kugusagusa taulo bila kusugua, na uache unyevu kidogo.

Hatua ya 4: kutayarisha mshubiri. Hapa ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe, kwa hiyo naomba msome polepole. Miaka kadhaa iliyopita niliungua mabegani, nikakata jani la mshubiri, yaani alovera, nikalipasua katikati na kulisugua moja kwa moja kwenye ngozi, kama nilivyokuwa nimeona wengine wakifanya. Kabla ya nusu saa kupita mabega yalianza kuwasha kwa namna ambayo kuungua kwenyewe hakukuwa kumenifanyia, na asubuhi nilikuwa na vipele juu ya ngozi iliyoungua, nikaumwa na vitu viwili badala ya kimoja. Kosa langu lilikuwa kutojua kwamba jani hilo lina vimiminika viwili tofauti. Katikati kuna ute mweupe unaopitisha mwanga, ambao takriban asilimia 99 yake ni maji, na huo ndio tunaoutaka. Kati ya ute huo na ganda la kijani kuna utomvu wa manjano, mchungu, wenye kemikali iitwayo aloini, na huo ndio unaoweza kuwasha ngozi.

Fanya hivi. Chagua jani nene la nje, la chini, kwenye mmea uliokomaa, ulikate karibu na shina. Lisimamishe ndani ya glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika zisizopungua 15. Utaona utomvu wa manjano ukichuruzika na kutua ndani ya glasi. Mwaga utomvu huo. Osha jani, ondoa kingo zenye miiba, kisha menya ganda la kijani ukiwa mkarimu: ni afadhali upoteze ute kidogo kuliko kubakiza umanjano. Osha tena kile kipande cheupe, kisha ukiponde au kukisaga na kukichuja. Paka tabaka jembamba, acha likauke, rudia mara tatu au nne kwa siku.

Tahadhari: jaribu kwanza kwenye sehemu ndogo ya ngozi nzima, upande wa ndani wa mkono, na usubiri saa 24. Najua aliyeungua leo hana subira hiyo, na ndiyo sababu jaribio hili hufanywa siku ambayo hujaungua. Wenye mzio wa vitunguu wawe waangalifu zaidi. Usipake ute huu kwenye malengelenge yaliyopasuka.

Hatua ya 5: chai. Chemsha nusu lita ya maji, tia vijiko viwili vya majani ya chai, funika kwa dakika 15, chuja, kisha acha ipoe kabisa. Chovya kitambaa safi na ukilaze juu ya ngozi kwa dakika 10. Tanini, kemikali iliyomo kwenye chai, huifanya ngozi ihisi afueni, ijapokuwa sehemu kubwa ya nafuu hutokana na ubaridi wenyewe. Isiwe na sukari, maziwa wala tangawizi. Nimelazimika kuandika hilo, na baadhi yenu mnajua kwa nini. Chai huacha madoa kwenye shuka.

Hatua ya 6: oti, kama ngozi inawasha. Saga oti kavu, zisizopikwa, ziwe unga laini sana. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji na ukoroge: maji yakigeuka kama maziwa, unga uko tayari; ukituama chini, saga tena. Nusu kikombe kinatosha ndoo moja ya maji yasiyo na moto. Jimwagie taratibu au tumia kitambaa, na uangalie sakafu, kwa maana huteleza sana. Hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote tatu: oti zina kemikali ziitwazo avenanthramidi ambazo hupunguza mwasho, na tangu 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaitambua oti iliyosagwa laini kuwa kinga ya ngozi.

Hatua ya 7. Kunywa maji mengi kuliko kawaida.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mtu mwenye malengelenge mengi, homa, kutapika au kizunguzungu, hawahusiki na somo hili. Wapelekwe kwa daktari.

MASWALI

Mwendambio: Sijasoma yote kwa sababu ni ndefu. Je, naweza kupaka ndimu ili ngozi irudi rangi yake haraka?

Jibu: Hapana. Maji ya ndimu yana kemikali ambazo, zikikutana na jua zikiwa juu ya ngozi, huleta malengelenge na madoa meusi yanayoweza kudumu miezi. Somo linasomwa kwa dakika tano.

Kipepeo: Nami nina mafuta mazito ya mgando na dawa ya meno. Kipi ni bora?

Jibu: Hakuna. Mafuta mazito huzuia joto lisitoke kwenye ngozi ambayo bado ina moto, na dawa ya meno huwasha. Hatua ya 2 haihitaji kununua kitu chochote.

Jabali: Mimi nimesugua jani moja kwa moja maisha yangu yote na sijawahi kudhurika. Nadhani unawatisha watu bure.

Jibu: Ndugu yangu, nafurahi kwamba ngozi yako ni imara. Ngozi zote hazifanani, na hata mimea haitoi utomvu kwa kiasi kimoja. Sijasema kila mtu atawashwa. Nimesema mimi niliwashwa, na kwamba robo saa ya kusubiri inapunguza sana hatari hiyo. Anayetaka kuiruka hatua hiyo mabega ni yake.

Mtafiti mdogo: Shikamoo mwalimu. Ngozi yangu ni nyeusi sana na sikuwahi kuungua hata siku moja, lakini wiki iliyopita nilikaa juani saa mbili tu na mikono ikawaka moto. Sikuona wekundu wowote, ila ngozi ilikaza na kuuma. Nilikuwa ninatumia vidonge vya doksisaiklini. Je, kuna uhusiano?

Jibu: Marahaba, na asante kwa kueleza kila kitu. Uhusiano upo, na ni wa karibu. Doksisaiklini ni miongoni mwa dawa zinazoifanya ngozi iathirike upesi na jua, pamoja na baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama hidroklorothiazidi. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, ikiwa nyingi ni kinga nzuri, lakini kinga si ukuta. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huwa hauonekani, kwa hiyo tegemea joto, kukaza na maumivu, kama ulivyofanya. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe; zungumza na aliyekuandikia, na wakati huu vaa mikono mirefu. Ninyi wenye ualbino mnaosoma hapa, ambao melanini yenu ni chache au haipo kabisa, msisubiri dalili hizo. Hata muda mfupi wa jua unatosha kuwaunguza.

Bibi Bustani: Ute wangu uligeuka rangi ya waridi baada ya siku chache. Je, umeoza?

Jibu: Kubadilika rangi hutokana na hewa, si lazima uwe umeoza, ila hauna kihifadhi chochote, kwa hiyo mimi humwaga baada ya siku tatu hata ukiwa kwenye jokofu. Ukinuka, usijiulize mara mbili.

Mtembezi: Nyongeza kutoka kwangu: mimi hugandisha ute kwenye vibweta vya barafu, kisha ninatoa kimoja kimoja.

Jibu: Wazo zuri, mradi kiyeyuke kwanza ndani ya bakuli, kwa sababu kilichoganda ni barafu kama barafu nyingine.

Kipepeo: Na kuunywa je? Ute umebaki mwingi.

Jibu: Usiunywe. Utomvu ule wa manjano humfanya mtu aharishe vikali. Marekani iliuondoa kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari mwaka 2002, na jikoni huwezi kuwa na hakika kwamba umeuosha wote.

Mtembezi: Nyongeza ya pili, kwa wanaoogelea na fulana: fulana nyeupe ya pamba ikilowa hupitisha mionzi zaidi kuliko ikiwa kavu. Niliungua mgongo mzima nikiwa nimeivaa.

Jibu: Ni kweli, na nilisahau kuliandika. Kitambaa cha rangi iliyokoza kilichofumwa kwa kubana hukinga zaidi. Mgongo huo uliupoza kwa kitu gani?

Mtembezi: Kwa oti. Mshubiri sikuufikia, mikono yangu ni mifupi.