Sanamu, rangi na kisiwa: namna ya kuongoza wageni siku moja Dar es Salaam

Anza na maji. Sanamu ya Askari itakungoja Posta utakapofika, na mibuyu ya magofu ya Kunduchi haina pa kwenda, lakini bahari ya kisiwa cha Mbudya haimngoji mtu. Waongozaji wengi hupanga siku kwa foleni ya Barabara ya Bagamoyo, kisha wanafika ufukweni na kukuta mashua imelala ubavu mchangani.

Utazame mwezi kwanza. Ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, ni bamvua: pwani ya Dar maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Tofauti ya kina yaweza kufika mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na hapo saa hugeuka: maji hujaa saa 4 au 5 asubuhi, tena yakipwa hayaendi mbali. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Makadirio haya yanatosha kuchagulia tarehe; ukishaichagua, pata saa kamili kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam.

Basi siku ya bamvua anzia mjini, umalizie kisiwani. Siku ya maji mafu geuza: mashua saa 3 asubuhi, magofu saa 9 alasiri, wachoraji na sanamu jioni. Maelezo yanayofuata ni ya bamvua, kwa sababu ndiyo siku inayowasumbua watu zaidi. Chagua Jumapili. Kundi lisizidi watu 10 kwa mwongozaji mmoja. Wakiwa zaidi ya hapo, nusu hawakusikii barabarani, na kwenye mashua huwezi kuwahesabu kwa jicho moja.

Saa 1 asubuhi muwe Mtaa wa Samora, kwenye Sanamu ya Askari. Saa hiyo magari ni machache, mnaweza kuvuka hadi kwenye sanamu yenyewe. Ikifika saa 5 mtaitazama kutoka ng'ambo, na jua la utosi litaifanya shaba kuwa kivuli kitupu kwenye picha. Ilizinduliwa 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na singe ya bunduki imeelekezwa bandarini. Waoneshe wageni maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na wasipite haraka penye habari ya wapagazi: waliobeba mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo sanamu hii ni kumbukumbu yake, walikufa kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Kabla ya Askari, Wajerumani walisimamisha hapo sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Hiyo iliishia Hamburg, Ujerumani, ambako wanafunzi waliiangusha 1968. Mtu akiuliza kwa nini sanamu moja ilibaki na nyingine ikaondoka, mwache aulize. Ndiyo mazungumzo ya kuwasindikiza hadi Bustani ya Mimea.

Bustani hiyo ni mwendo mfupi kwa miguu kuelekea mashariki. Wajerumani waliianzisha 1893 kujaribia mazao ya biashara. Nusu saa inatosha. Ikulu haiko mbali, kwa hiyo waambie wageni mapema waweke simu mfukoni wakitoka bustanini. Kupiga picha Ikulu, bandari au kituo cha polisi ndiyo njia ya haraka ya kuipoteza asubuhi yote mkijieleza.

Saa 3 nendeni Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga karibu na Morogoro Stores. Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo huu 1968 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya mraba. Alikufa 1972, lakini rangi ni zile zile, na hapo ndipo wanunuzi huharibikiwa. Rangi hizi hukauka juu upesi huku chini zikiwa bado laini. Amkia, kisha uliza, "Fundi, hii umeimaliza lini?" Kama ni ya jana, chagua nyingine. Bonyeza ukucha taratibu pembeni. Ukiacha alama, haijaiva. Turubai iviringishwe upande wa rangi ukiwa nje, kwani ukiwa ndani rangi hujikunyata na kupasuka inapokunjuliwa. Juu yake tandika karatasi ya kuokea. Gazeti huganda, na nailoni ndani ya gari lililochemka jua hugandia zaidi.

Mkipita Mwenge kwa vinyago, msizidi dakika 40. Mpingo halisi ni mzito kiasi kwamba kipande hakielei majini. Pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu chini ya kitako cha kinyago: kikitoka cheusi, mmeuziwa mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Na kinyago kikionesha ukanda wa njano isiyokolea, mgeni asidhani ni dosari, kwani huo ni upande wa nje wa mti wenyewe.

Kunduchi mfike kwenye saa 6. Lipeni kiingilio kwanza, wanaume na wanawake wajisitiri, khanga mbili za akiba zikae garini. Kuna mabaki ya msikiti wa kale na makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo, katikati ya mibuyu. Tundu za duara kwenye nguzo ndimo zilimokuwa sahani za China, nyingi zimeng'olewa. Asiegemee mtu wala kupanda: chokaa hiyo ya matumbawe humomonyoka kwa mkono tu. Maandishi ya Kiarabu yanasomeka vizuri jua likiwa limelala, jambo ambalo saa 6 hamtalipata. Hasara hiyo tunaikubali kwa ajili ya bahari.

Saa 7 pandeni mashua kwenda Mbudya, kisiwa kilichomo kwenye hifadhi ya bahari tangu 1975. Kabla nahodha hajawasha mashine, hesabu jaketi za kuokolea maisha, moja kwa kila kichwa, watoto wavae za saizi yao. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo huzidi mchana, kwa hiyo simu ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Mkishuka tu agizeni samaki, ndipo mtembee: kuchoma huchukua kama saa nzima, na aliyeagiza wa mwisho hulia njaa wenzake wakipanda mashua. Viatu vya mpira ni lazima kwenye miamba. Miiba mirefu myeusi ya viumbe wa baharini huvunjikia mguuni. Maji lita 2 kwa kila mtu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, bebeni vikapu.

Mashua ya kurudi ni saa 10, maji yakiwa yamejaa na mashua ikifika karibu kabisa na ufukwe. Mhesabu watu kabla hamjang'oa nanga, mhesabu tena mkishuka.