Kupiga picha vidukari wa kunde kwa makro, hatua kwa hatua

Binamu yangu ni bwana shamba. Alinionyesha picha za kunde zilizoshambuliwa, na kila kidukari ametoka kama tone la lami lenye nukta nyeupe mgongoni. Alishaanza kuulizia bei ya lenzi mpya. Nikamwambia aache kwanza, shida haiko kwenye lenzi. Tulichofanya ndicho hiki, na kinafaa kwa mdudu mdogo yeyote anayeng'aa.

Hatua ya 1: Lenzi

Kidukari mweusi wa kunde akikomaa ana urefu wa milimita 2 hivi. Lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya kawaida hufika 1:1, yaani mdudu wa milimita 2 anachukua milimita 2 za sensa, kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa kubwa ina upana wa milimita 36, kwa hiyo anabaki sehemu moja ya kumi na nane ya picha. Hatoshi.

Mimi natumia lenzi kuukuu ya milimita 28 iliyofungwa kinyumenyume kwa ringi ya kugeuzia. Inakuza takriban mara mbili ya ukubwa halisi, na gharama yake haifiki hata robo ya makro mpya. Sharti iwe na pete ya apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu lenzi za kisasa zikigeuzwa hukosa mawasiliano na kamera na apecha haibadiliki. Kama tayari una makro, ongeza mirija ya kurefushia, ile inayokaa kati ya lenzi na kamera. Lenzi za kubana kwenye simu sizipendi: zinakulazimisha kusogea mno mpaka simu inamzibia mdudu mwanga.

Hatua ya 2: Kamera

Weka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200, shata (muda wa kufunguka) 1/160 ya sekunde, apecha f/8 na fokasi ya mkono. Usifunge apecha hadi f/16 (namba ikikua tundu linapungua) ukitafuta ukali. Kwenye ukuzaji wa 2:1, f/8 tayari inafanya kazi kama f/24. F/16 itakuwa kama f/48, na tundu dogo hivyo huifanya picha nzima ipoteze ukali.

Hatua ya 3: Mwanga

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Mgongo wa kidukari aliyekomaa ni mweusi na laini, unafanya kazi ya kioo. Ile nukta nyeupe ni sura ya flashi yako. Kupunguza nguvu ya flashi hakuiondoi, kunaifanya tu iwe hafifu huku mdudu akizidi kuwa giza. Dawa ni kuukuza mwanga wenyewe, ukubwa unaoonekana kutoka pale alipo mdudu. Karatasi ya upana wa sentimita 15 ikiwa sentimita 5 kutoka kwake inamfunika kama paa. Ile ile ukiiweka nusu mita, inarudi kuwa nukta.

Kata ubavu wa dumu jeupe la plastiki, ukunje uwe upinde, uufunge kwenye flashi ya juu ya kamera ukingo wake ukifika mbele kabisa ya lenzi. Ndani yake bandika ile sponji nyembamba nyeupe inayofungiwa televisheni. Mambo ya kuangalia:

- Flashi isigusane na plastiki. Acha nafasi ya sentimita kadhaa ili mwanga utawanyike kabla ya kufika. Ukibandika moja kwa moja, utapata doa kali katikati na kingo zenye giza.
- Tabaka mbili zenye nafasi katikati zinashinda tabaka moja nene.
- Madumu mengine yana unjano. Pima rangi kwa karatasi nyeupe, kisha rekebisha kwenye kamera.
- Flashi ikihitaji zaidi ya robo ya nguvu, punguza tabaka au pandisha ISO. Katika nguvu ndogo mwako wake ni mfupi sana, na huo ufupi ndio unaogandisha mtikisiko wa mkono wako, si shata.

Kabla ya kwenda shambani, piga picha mgongo wa kijiko cha chuma. Ukiona doa dogo kali, rudi ukatengeneze upya. Ukiona weupe mpana unaofifia taratibu pembeni, twende.

Jingine: mwanga huu haufiki mbali, kwa hiyo nyuma ya mdudu kutakuwa na giza, na kidukari mweusi atamezwa humo. Shikilia jani la kunde sentimita chache nyuma yake.

Hatua ya 4: Fokasi

Stendi iache nyumbani. Nenda asubuhi kabla ya upepo, shika shina la kunde kwa mkono wa kushoto, kisha laza lenzi juu ya mkono huo huo. Shina likiyumba, kamera inayumba nalo. Usiguse pete ya fokasi; sogea mwili mzima mbele na nyuma polepole, ubonyeze kitufe pale jicho la mdudu linapoonekana kwa ukali. Eneo lililo kwenye fokasi halifiki nusu milimita, kwa hiyo picha nyingi zitakuwa za kufuta. Zifute tu.

Sisimizi wanaozunguka kundi ni bahati yako. Wamefuata maji ya sukari yanayotoka kwa vidukari, na mmoja akisimama kunywa, hutulia.

Hatua ya 5: Picha za kutuma

Kwa utambuzi piga mmoja kutoka juu, mmoja kutoka ubavuni vile vijibomba viwili vya nyuma ya tumbo vikionekana, na shina zima kuonyesha wamejaa kiasi gani. Changanya wakubwa na watoto: watoto wana vumbi la nta, hawang'ai, na wengi huwadhania kuwa mdudu mwingine. Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha inabanwa na vijibomba vyote vinapotea.