Mpira, kibao na matofali: kutambua migongano kwenye gemu ya 2D

Tutatumia gemu ya kuvunja matofali: mpira mmoja, kibao kinachosogea chini ya skrini, na safu za matofali juu. Ni gemu ndogo, lakini ndani yake mna karibu matatizo yote ya migongano utakayokutana nayo baadaye. Msimbo ni JavaScript ya kawaida inayochora kwenye `canvas` (eneo la kuchorea ndani ya ukurasa wa kivinjari), bila maktaba yoyote. Ukipenda Python au Lua, hesabu ni zile zile.

Niseme mapema: kujua kwamba vitu viwili vimegusana ni kazi ya mistari minne. Kinachosumbua ni swali linalofuata, yaani vimegusana upande gani, na kitu kiende wapi baada ya hapo. Hatua mbili za kwanza nitazipita haraka kwa sababu hiyo.

Hatua ya 1: visanduku viwili

Kila kitu kipe mstatili usioonekana wenye namba nne: `x` na `y` za kona ya juu kushoto, upana na kimo. Kumbuka kwamba kwenye `canvas` y huongezeka unaposhuka, kinyume na grafu za darasani.

Ukianza kuorodhesha namna zote ambazo mistatili miwili inaweza kuingiliana utapotea njiani. Geuza swali: ni lini haijagusana? Ni pale mmoja ulipo kushoto kabisa kwa mwenzake, au kulia, au juu, au chini. Hali ni hizo nne tu. Kama hakuna hata moja kati ya hizo, imegongana.

```
function zimegongana(a, b) {
  return a.x < b.x + b.upana &&
         a.x + a.upana > b.x &&
         a.y < b.y + b.kimo &&
         a.y + a.kimo > b.y;
}
```

Nimetumia `<` badala ya `<=` kwa makusudi. Ukiweka `<=`, mhusika aliyesimama sakafuni atahesabiwa kuwa ameigonga sakafu kila anapojaribu kutembea, na ataganda pale pale.

Fanksheni hii inataka mistatili iliyonyooka. Ukizungusha kitu hata nyuzi 10 tu, majibu yake hayaaminiki tena. Kwa gemu ndogo, kitu kinachozunguka kifanye duara uendelee na kazi nyingine.

Hatua ya 2: mpira ni duara

Duara na duara ni rahisi: pima umbali kati ya vitovu viwili, ukiwa mdogo kuliko jumla ya nusukipenyo zake, yamegusana. Duara na mstatili ndiyo tunayoihitaji hapa. Kwa mpira, `x` na `y` ni za kitovu, si za kona, na `r` ni nusukipenyo. Tafuta nukta ya tofali iliyo karibu zaidi na kitovu cha mpira, kisha pima umbali hadi hapo.

```
function mpiraUmegusa(m, t) {
  const px = Math.max(t.x, Math.min(m.x, t.x + t.upana));
  const py = Math.max(t.y, Math.min(m.y, t.y + t.kimo));
  const dx = m.x - px;
  const dy = m.y - py;
  return dx * dx + dy * dy < m.r * m.r;
}
```

Tuijaribu kwa namba. Kitovu cha mpira kiko (100, 90) na nusukipenyo ni 12. Tofali linaanzia (110, 60), upana 60, kimo 20, kwa hiyo linafika 170 kulia na 80 chini. Nukta ya karibu ni kona yake, (110, 80). Tofauti ni 10 huku na 10 huku. Miraba yake ikijumlishwa ni 200. Mraba wa 12 ni 144. Kwa kuwa 200 imezidi 144, mpira haujagusa. Sasa uchukulie mpira huo huo kama mstatili wa 24 kwa 24 na utumie fanksheni ya hatua ya 1: itakujibu kwamba umegonga. Mchezaji ataona tofali likivunjika kabla mpira haujalifikia, na ataona gemu imemwonea.

Hakuna haja ya kutafuta kipeuo cha pili. Miraba inatosha kulinganisha.

Hatua ya 3: sogeza mhimili mmoja mmoja

Hapa ndipo gemu nyingi za wanaoanza huharibika. Mpira umegusa tofali: ugeuze `vx` (kasi ya kwenda kushoto au kulia) au `vy` (kasi ya kupanda au kushuka)? Ukisogeza x na y kwa pamoja halafu ukauliza kama kuna mgongano, jibu la upande uliogongwa limeshapotea. Unabaki kukisia kwa kulinganisha vina vya kuingiliana, na kwenye kona utakosea.

Dawa ni kutosogeza vyote kwa mpigo. Sogeza x kwanza, uliza. Kama kuna mgongano, umesababishwa na x, kwa hiyo rudisha x na ugeuze `vx`. Kisha y nayo ifanyiwe vivyo hivyo. `dt` ni sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia, yaani tangu gemu ilipochorwa mara ya mwisho.

```
function sogezaMpira(m, matofali, dt) {
  m.x += m.vx * dt;
  if (vunja(m, matofali)) {
    m.x -= m.vx * dt;
    m.vx = -m.vx;
  }
  m.y += m.vy * dt;
  if (vunja(m, matofali)) {
    m.y -= m.vy * dt;
    m.vy = -m.vy;
  }
}

function vunja(m, matofali) {
  let limegongwa = false;
  for (const t of matofali) {
    if (t.lipo && mpiraUmegusa(m, t)) {
      t.lipo = false;
      limegongwa = true;
    }
  }
  return limegongwa;
}
```

Angalia jinsi `vunja` inavyorudisha jibu moja hata kama yamevunjika matofali mawili. Mpira ukipiga pale matofali mawili yanapoungana, unayagusa yote kwa fremu moja. Ukigeuza `vy` ndani ya kitanzi, itageuzwa mara mbili, yaani itabaki ilivyokuwa, na mpira utapenya ukutani kana kwamba hakuna kitu. Ukiona gemu yako inafanya hivyo mara moja moja tu, anza kutafuta hapo.

Kwa mhusika anayetembea, kumrudisha alikotoka huacha upenyo mdogo kati yake na ukuta. Yeye mbandike ukutani: akiwa anakwenda kulia, `x` yake iwe `t.x` toa upana wake, na kasi iwe 0. Mpira hauhitaji hilo, maana fremu ijayo umeshaondoka.

Hatua ya 4: kibao

Kibao ni tofauti na matofali kwa sababu chenyewe kinasogea. Mchezaji anaweza kukisukuma kikaingia ndani ya mpira, na hapo kuurudisha mpira hatua moja nyuma hakusaidii kitu. Ukigeuza `vy` kila fremu wanapogusana, mpira utatetemeka ndani ya kibao bila kutoka. Kubali mgongano pale tu mpira unaposhuka:

```
if (mpiraUmegusa(m, kibao) && m.vy > 0) {
  m.y = kibao.y - m.r;
  m.vy = -m.vy;
  const kati = kibao.x + kibao.upana / 2;
  m.vx = (m.x - kati) / (kibao.upana / 2) * 300;
}
```

Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayompa mchezaji uwezo wa kulenga: ukingoni mpira unatoka kwa mshazari, katikati unapanda wima. Si fizikia halisi, na isiwe. Mpira ukigonga ubavu wa kibao, msimbo huu unauruka juu na kuuokoa. Hilo pia naliacha, kwani sijawahi kusikia mchezaji akilalamika kwamba ameokolewa.

Hatua ya 5: mpira unaoruka tofali

Mpira wenye kasi ya pikseli 900 kwa sekunde husogea pikseli 15 kila fremu, kwa fremu 60 kwa sekunde. Simu ya bei nafuu iliyopata joto ikishuka hadi fremu 20, hatua moja inakuwa pikseli 45. Tofali lina kimo cha 20 na mpira una kipenyo cha 24, jumla 44. Maana yake fremu hii mpira uko chini ya tofali, fremu ijayo uko juu yake, na hakuna wakati uliouliza ukaukuta unagusa. Kwenye kompyuta yako huwezi kuliona kosa hili.

Kata safari vipande, kila kipande kisizidi nusukipenyo:

```
dt = Math.min(dt, 0.05);
const umbali = Math.hypot(m.vx, m.vy) * dt;
const vipande = Math.max(1, Math.ceil(umbali / m.r));
for (let i = 0; i < vipande; i++) {
  sogezaMpira(m, matofali, dt / vipande);
}
```

Mstari wa kwanza usiuache. Mtu akipokea simu, kivinjari husimamisha `requestAnimationFrame`, fanksheni yake inayoita msimbo wako kila fremu. Akirudi, `dt` inaweza kuwa sekunde 40, na bila kikomo mpira utasafiri umbali wote huo kwa fremu moja.

Hatua ya 6: chora visanduku

Weka kitufe kinachochora mipaka ya kila kitu kwa `strokeRect`, na mpira kwa `arc`. Mara nyingi utagundua kwamba hesabu ziko sawa ila picha ya PNG ina kingo tupu, kwa hiyo mstatili ni mkubwa kuliko kinachoonekana. Kwenye gemu zenye maadui, mimi hupunguza kisanduku cha mchezaji kidogo kuliko picha yake, na sarafu za kuokota nazipa kisanduku kikubwa kuliko picha.

Vitu vikiwa vingi

Atari 2600 ya mwaka 1977 ilikuwa na chipu iliyotambua migongano yenyewe, pikseli kwa pikseli, lakini kwa vitu vichache mno. Sisi tunalinganisha kwa msimbo, na jozi huongezeka upesi: vitu 200 vinavyoweza kugongana vyote kwa vyote ni jozi 19,900 kila fremu. Hapo gawa skrini kwa gridi yenye vyumba visivyo vidogo kuliko kitu kikubwa zaidi, na kila kitu kilinganishwe na vilivyo kwenye chumba chake na vyumba vinavyokizunguka tu. Gemu yetu ina mpira mmoja na matofali 60. Kitanzi kile kile cha hatua ya 3 kinatosha, hata kwenye simu ya fremu 20.