Bampa ya chuma kwenye pikapu: namna ya kuifunga bila kuinyima rejeta hewa

Pikapu inayoanza kuchemsha wiki chache baada ya kufungwa bampa ya chuma mara nyingi haina ugonjwa wa rejeta wala wota pampu. Imenyimwa hewa. Bampa ya kiwandani ni plastiki tupu kwa macho, lakini nyuma yake kuna mashavu ya plastiki au raba yanayoulazimisha upepo upite katikati ya kondensa ya AC na rejeta. Bampa ikitolewa, mashavu nayo yanatoka na kuishia kwenye kona ya gereji. Kuanzia hapo upepo unaizunguka rejeta pembeni, maana hewa hufuata njia rahisi. Ongeza winchi kwenye tundu la chini na spotilaiti mbili mbele ya shoo (grili ya mbele), na njia ya hewa imebaki nusu.

Mwanza hakuna nafasi ya kuchezea joto. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia ndani ya rejeta ni presha inayoshikiliwa na kifuniko. Kwa hiyo kabla hata ya kununua bampa, kagua kifuniko. Raba yake ikiwa imekauka au springi imelegea, nunua kingine chenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu, kwa kawaida 0.9 au 1.1. Usipandishe namba ukidhani unaongeza usalama: presha ya ziada itatafuta pa kutokea, kwenye hozi au kwenye maungio ya rejeta.

Jambo la pili la kuelewa kabla ya kushika spana: kwenye Hilux na pikapu nyingi za aina yake, rejeta imeshikwa na bodi, bampa ya chuma inafungwa kwenye chesisi, na katikati ya bodi na chesisi kuna mipira. Gari likishuka shimo kwa tairi moja, vitu hivi viwili haviendi pamoja. Nafasi unayoiona gari likiwa limesimama gerejini siyo nafasi iliyopo likiwa kwenye makorongo ya kushukia mwaloni. Acha milimita 30 kati ya chuma chochote na kondensa, na milimita 10 hadi 15 kati ya bampa na fenda. Mipira ya bodi ikiwa imepasuka au kubonyea, ibadilishe kwanza, la sivyo vipimo vyote vitakudanganya.

Wakati wa kuchagua, angalia tundu la katikati. Liwe na upana usiopungua ule wa rejeta yenyewe, na bomba za ngao zipite juu na chini ya tundu, zisilikate katikati. Bampa ya chuma ina uzito wa kilo 40 hadi 60 bila winchi, na winchi yenye uwezo wa kuvuta ratili 9,500 na kamba ya waya huongeza karibu kilo 40. Kamba ya sintetiki ya winchi inapunguza takriban kilo 10, na kwa gari ambalo kazi yake ni kuvuta boti na kupita udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, ni fedha iliyotumika vizuri. Kama bampa unachongesha kwa fundi wa kuchomelea, bati za kushika kwenye chesisi ziwe milimita 8, bomba ziwe na unene wa milimita 3, na chini kuwe na matundu ya milimita 10 ya kutolea maji. Bomba lililozibwa pande zote hushika unyevu na kuoza kuanzia ndani.

Kabla ya kufungua chochote, chukua vipimo viwili. Cha kwanza ni urefu kutoka katikati ya kikombe cha tairi la mbele hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia. Cha pili ni joto: chomeka kifaa cha OBD (kinachosoma namba kutoka kompyuta ya gari), washa AC, acha gari lingurume dakika 15 saa sita mchana, kisha panda kilima cha Bugando na mzigo wako wa kawaida, ukiandika namba ya juu kabisa. Usitegemee mshale wa dashibodi. Kwenye gari nyingi za siku hizi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda nyuzi kumi na zaidi, na unapoanza kusogea tayari umechelewa.

Sasa kazi yenyewe. Toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa nyaya za mbele, kwa sababu ya eabegi. Kata plaiwudi nyembamba ya ukubwa wa kondensa na uifunge mbele yake kwa kamba. Spana ikiteleza, au bampa ikiyumba wakati wa kuinyanyua, itagonga mbao. Bila mbao itatoboa kondensa na gesi yote itatoka. Fungua shoo, kisha bampa ya zamani, ukichomoa taratibu soketi za taa za ukungu na sensa ya joto la nje kama ipo. Sensa za eabegi zikiwa sehemu hiyo, ziache mahali pake na uelekeo wake uleule. Mashavu ya hewa yaweke pembeni, usiyatupe.

Safisha ncha za chesisi hadi chuma kionekane, ukague kutu na nyufa. Usichomelee chesisi ili kuongeza kishikio: joto linadhoofisha chuma chake, na umeme wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya gari. Tumia bolti zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani. Bolti zisizo na alama waachie wenye matenga. Watu wawili wanyanyue bampa, wa tatu aingize bolti zote kwa mkono bila kukaza. Weka jeki na kipande cha ubao chini yake, sogeza hadi nafasi za fenda zilingane, ndipo ukaze. Kama bampa haikuja na maelekezo, bolti ya milimita 12 ya 8.8 inakazwa kwa toki renchi hadi Nyutoni mita 80 hivi, ya milimita 10 hadi 45.

Kabla ya kurudisha shoo, toa plaiwudi na upime nafasi kwa udongo wa mfinyanzi. Bandika vipande vya katoni juu ya kondensa sehemu nne zilizo karibu zaidi na chuma, ili mapezi yake, yaani bati nyembamba za kupoozea, yasibonyee. Kwenye chuma, mkabala na kila katoni, shindilia donge laini linalogusa katoni. Rudisha waya wa betri, endesha polepole ukipandisha tairi moja la mbele juu ya tuta au jiwe la sentimita 20, kisha lingine, halafu funga breki kwa nguvu mara moja. Ukirudi, pima donge. Likiwa limebanwa chini ya milimita 15, chuma kiko karibu mno. Sogeza bampa mbele kwa bati za kujazia au punguza kishikio cha winchi. Donge likiwa na alama ya pembe ya winchi iliyochapwa kabisa, hapo ndipo kondensa ingetobolewa.

Kisha rudisha mashavu. Yasipokaa, tengeneza mengine kwa raba ya milimita 3 hadi 5: kata vipande vinavyoziba mwanya wote kati ya kingo za bampa na kingo za rejeta, pembeni na juu, uvifunge kwa ribiti za plastiki kwenye bodi, vigusane tu na bampa. Rudisha pia bati la chini ya injini. Si la kuzuia mawe peke yake. Linasaidia hewa ya moto itoke badala ya kurudi mbele. Spotilaiti zihamie pembeni, na namba ya gari ikae inapoonekana bila kuziba tundu.

Kuna wavu pia. Wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi hujaza mapezi ya rejeta kwa jioni moja, hivyo wengi hufunga wavu wa mbu mbele. Wavu huo ukishajaa wadudu ni sawa na kufunika rejeta kwa blanketi. Weka wavu wa matundu mapana kuliko ya wavu wa mbu, wa kuchomoka kwa mkono, na uusafishe kila unapolala ufukweni. Rejeta ioshwe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea gari ikisogezwa karibu inakunja mapezi.

Rudia jaribio la joto kwenye kilima kilekile, mzigo uleule, saa ileile. Nyuzi 2 au 3 zaidi zinavumilika. Zikifika 5, toa spotilaiti na wavu, jaribu tena, kisha kagua mashavu. Ikigusa 105, simama, zima AC, acha injini ingurume, na usifungue kifuniko hadi hozi ya juu ishikike kwa mkono.

Pima tena urefu wa fenda. Gari likiwa limeshuka zaidi ya milimita 20, linahitaji springi ngumu za mbele, na kwa vyovyote taa kubwa zipangwe upya. Bolti zikazwe tena baada ya kilomita 100 na baada ya 1,000. Piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bati, ili iliyolegea uione kwa kuinama tu.