Kushusha mpango wa bonde hadi kwenye banio: gawa maji ya kiangazi, si ya masika

Mpango wa maji huandikwa kwa bonde zima, lakini ugomvi huzuka kwenye banio moja, yaani kizuizi kinachoingiza maji ya mto mferejini, mwezi wa Septemba. Kazi ya Jumuiya ya Watumia Maji ni kuufikisha mpango hapo.

Kwanza jueni maji yenu yanakwenda wapi. Kijito kinachoingia Malagarasi, Ugalla au Luiche kipo chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Kigoma. Igunga, ingawa ni Tabora, maji yake hushuka kwa Manonga na Wembere, na huko ni Bonde la Kati. Ombi la kibali likipelekwa kwa bodi isiyohusika, msimu unaweza kuisha bila jibu.

Kisha pimeni, na msipime Aprili. Subirini mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Juu ya banio la kwanza tafuteni mita 10 zilizonyooka, zisizo na majani wala mawe makubwa. Pimeni upana, halafu kina kila baada ya sentimita 20, mpate wastani. Achieni chungwa katikati ya mkondo, mhesabu sekunde hadi mwisho wa mita 10. Rudieni mara tano. Chungwa huzama kiasi, upepo haulisukumi kama chupa tupu. Kasi mtakayopata zidisheni kwa 0.8, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosugua tope.

Mfano: upana mita 1.2, kina mita 0.15, eneo ni 0.18. Chungwa likitumia sekunde 40, kasi ni 0.25, mara 0.8 ni 0.2. Zidisha 0.18 kwa 0.2: mita za ujazo 0.036, yaani lita 36 kwa sekunde.

Sera ya Maji ya 2002 ilitanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira. Watu 3,000 kwa lita 25 kila mmoja kwa siku hawafikishi hata lita 1 kwa sekunde, kwa hiyo anayesema wachota ndoo ndio wanaokausha kijito hajapiga hesabu. Mkiachia mto nusu, lita 18, na nyumba lita 1, zinabaki 17 za mashamba. Kwa mifereji ya udongo hekta moja ya mboga hula lita 1 hadi 1.5 kwa sekunde, hesabuni hekta 11, basi. Orodha ya waombaji ikifika hekta 30, punguzeni sasa, kwenye mkutano, siyo usiku kwa majembe.

Lita 17 msizigawe mifereji mitano kwa pamoja: kila mmoja utapata 3 na kitu, na udongo utazimeza kabla hazijafika mkiani, mwisho wa mfereji. Mpeni mtu mmoja mkondo wote kwa saa zake, zamu zikianzia mkiani.

Kila mwenye mfereji au pampu awe na kibali cha bodi. Mita 60 kutoka ukingoni zisilimwe. Wekeni alama, na mikaratusi iliyomo ing'olewe. Sheria ndogo zipite mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri. Bila hivyo faini haina nguvu.

Mwisho, simikeni nguzo yenye alama za sentimita kwenye mwamba au zege, kamwe si kwenye mchanga unaohama. Isomwe kila asubuhi na kuandikwa daftarini. Maji yakishuka chini ya alama mliyokubaliana, majaruba ya mpunga hufungiwa kwanza, kisha saa za zamu hupunguzwa kwa wote waliobaki kwa uwiano uleule.