Ndege ya propela inatetemeka? Anza na injini, propela baadaye

Ndege ikianza kutetemeka watu wengi wanakimbilia kubalansi propela, ndo maana tatizo linarudi. Kabla hujashika spana jiulize mtetemo umeanza lini na ndege ilifanyiwa nini siku hizo, propela ilitolewa ikarudishwa? silinda ilibadilishwa? mara nyingi jibu liko hapohapo.

Halafu usikilize mtetemo wenyewe. Propela isiyo na balansi inapiga mara moja kila mzunguko, kwenye mizunguko 2400 kwa dakika hayo ni mapigo 40 kwa sekunde, unayasikia miguuni na kwenye kiti kama mvumo. Silinda isiyochoma ni kitu kingine kabisa, hizi injini ndogo za pistoni ni za stroku nne, kila silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili, so moja ikilala unapata mapigo 20 tu, mazito, injini inayumba mpaka paneli inacheza.

Ukisikia hiyo, pima magneto, yaani vile vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme wa cheche, endesha injini kwa kimoja kimoja. Injini ikichafuka, yaani ikizunguka kwa kukwaruza, kwenye magneto moja tu, shuku plagi za magneto hiyo, iache izunguke kidogo kwenye upande huohuo mbovu, zima, kisha pima joto la mabomba ya ekzosi, lililo baridi kuliko wenzake ndo silinda yako. Ikichafuka kwenye zote mbili, plagi achana nazo kwanza, angalia nozeli ya mafuta iliyoziba, hewa inayovuja njia ya kuingilia, au valvu ya ekzosi inayonata. Hii ya valvu inajitokeza asubuhi injini ikiwa baridi, inatetemeka dakika chache halafu inatulia kama hakuna kilichotokea, tafadhali usiiachie, ikinata kabisa inapinda pushrodi, ile fimbo inayosukuma valvu.

Injini ikiwa safi ndo uje kwenye propela. Hakikisha magneto zimezimwa lakini bado ihesabu kuwa inaweza kuwaka, waya wa ethi unaoizima ukikatika magneto iko hai hata swichi ikiwa chini. Cheki mikwaruzo, ufa kwenye spina (ile kofia ya mbele ya propela), na raba za mauntini zinazoshikilia injini, zikichoka injini inalala na spina inakuwa chini kidogo ya mstari wa kava. Balansi ya kupima na sensa inakuja mwisho.

Mtetemo mkali ukianza ghafla angani, usichunguze chochote. Punguza pawa, tafuta mizunguko inayotetemeka kidogo zaidi, tua pa karibu, maana kipande cha bladi kikiwa kimekatika injini inaweza kung'oka kwenye mauntini.