Kabla ya kupakia mafaili ya seva kwenye wingu kwa rclone

rclone ni programu ya kunakili mafaili kati ya mashine yako na hifadhi za wingu, na amri yenyewe haizidi mstari mmoja: rclone copy, folda inakotoka, mahali inapokwenda. Ufupi huo unaponza. Seva ya ofisi imebeba mikataba, mishahara na picha za miaka mingi, na mtu anaketi mbele yake Ijumaa jioni akiamini kuwa Jumatatu asubuhi kazi itakuwa imekwisha.

Anza na kipimo. du -sh inakupa uzito wa folda, na rclone size inakuhesabia na mafaili pia. Idadi usiidharau: kila faili, hata la kilobaiti mbili, hutumwa kwa ombi lake peke yake, kwa hiyo vijifaili laki tatu vinaweza kuchukua muda mrefu kuliko video kumi zenye uzito uleule. Kama hutahitaji kuvichukua kimoja kimoja baadaye, vifunge pamoja kwa tar, amri inayounganisha mafaili mengi kuwa faili moja. Kisha piga hesabu ya muda. Gigabaiti 500 kwenye laini inayopakia megabiti 10 kwa sekunde ni sekunde 400,000, yaani zaidi ya siku nne na nusu, na hapo mtandao haujayumba hata kidogo. Angalia kasi ya kupakia, kwa sababu ile inayotangazwa kwenye vifurushi mara nyingi ni ya kupakua.

Na mtandao huyumba. Mei 2024, hitilafu zilipozikumba nyaya za baharini za EASSy na Seacom, Tanzania na majirani zake walikaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Ukirudia rclone copy baada ya kukatika, mafaili yaliyokwisha kufika yanarukwa, lakini faili lililokuwa katikati linaanza upya. Kwa hiyo faili moja la tar la gigabaiti 200 ni hatari; ligawe vipande. Endesha amri ndani ya tmux ili kufunga kompyuta yako kusiiue kazi iliyoko kwenye seva. Wahurumie pia wenzako wanaotumia laini hiyohiyo: --bwlimit "08:00,512k 18:00,off" inabana kasi mchana na kuiachia usiku. Hiyo 512k ni kilobaiti, si kilobiti. Ni kama megabiti nne kwa sekunde.

Sasa suala ninaloliogopa kuliko yote: copy au sync. copy inaongeza na kusasisha, haifuti. sync inaifanya hifadhi ya wingu ifanane kabisa na folda yako, na kisichokuwepo kwako inakifuta kule. Nilipokuwa nahudumia ofisi moja ndogo, umeme ulikatika usiku, seva ikawaka tena, lakini diski ya pili haikupachikwa, yaani haikuunganishwa na folda yake. Folda /mnt/data ilikuwepo, tupu. Saa nane usiku sync iliyopangwa kwenye cron, kipanga ratiba cha seva, ikaiona tupu, ikaenda kule kwenye wingu kuhakikisha kwamba nako ni tupu. Diski ilikuwa nzima, ndiyo iliyotuokoa. Tangu hapo naanza na copy, na hifadhi ya wingu lazima iwe imewashiwa utunzaji wa matoleo ya zamani kabla ya faili la kwanza kupanda. Pakiwa na sababu ya kweli ya sync, naweka --max-delete, kikomo cha mafaili yanayoruhusiwa kufutwa, na script inahakiki kwa mountpoint kwamba diski imepachikwa.

Databesi usizinakili zikiwa zinaendelea kuandikwa. Folda /var/lib/mysql, ambamo MySQL huweka data yake, ikinakiliwa hivyo inafika kule, inaonekana kamili, na siku ya kuirudisha inakataa kuwaka. Toa kwanza nakala kwa mysqldump --single-transaction ikiwa majedwali ni ya InnoDB (mfumo wa MySQL wa kuhifadhi majedwali), au pg_dump kwa PostgreSQL, kisha upakie faili hilo. Njia za mkato zilizotengenezwa kwa ln -s rclone huziruka usipoiambia vinginevyo, na haki za umiliki wa mafaili mara nyingi hazisafiri. Tar inavihifadhi vyote viwili.

Hakiki saa ya seva kwa timedatectl. Mashine kuukuu yenye betri ya ubao iliyokufa huamka na tarehe ya ajabu, na Amazon S3, hifadhi ya wingu ya Amazon, hukataa maombi ambayo saa yake imepishana na yao kwa zaidi ya dakika 15.

Faili la mipangilio, rclone.conf, lina funguo za akaunti, na nywila zilizomo zimefichwa kijuujuu tu. Liwekee nenosiri, na tengeneza ufunguo unaofika kwenye hifadhi hiyo moja pekee. Ukitumia crypt ya rclone kusimba mafaili, andika nenosiri lake mahali nje ya seva. Likipotea, hakuna wa kukurudishia. Kama ndani mna taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 zote zina masharti kuhusu kuzivusha mpaka, na vituo vikubwa vya karibu, kama cha Amazon kilichoko Cape Town, viko nje ya nchi zote mbili. Mwenye ofisi na alijue hilo mapema.

Bei nayo ina mitego: kuingiza data kwa kawaida ni bure, kuitoa kunalipiwa. Daraja la Glacier Deep Archive la Amazon S3 ni rahisi mno kwa mwezi, ila unatozwa angalau siku 180 hata ukifuta kesho, na faili unaweza kulisubiri kwa muda wa saa 12 au zaidi.

Endesha kwanza kwa --dry-run, inayoonyesha kitakachofanyika bila kukifanya, na usome orodha yote. Pakia folda moja ndogo, linganisha kwa rclone check, halafu ipakue kwenye mashine nyingine kabisa. Mwite mhasibu afungue faili lake la mwaka jana palepale, maana yeye ndiye anayezijua tarakimu zinazopaswa kuwemo.